Tupeane uzoefu: Kumuuguza mtoto aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo uliopinda

Mama wa Dar es Salaam (mwanzisha mada)

Ndugu wazazi na walezi, binti yangu ana umri wa miaka 14, na miezi sita iliyopita alifanyiwa upasuaji wa kunyoosha uti wa mgongo uliokuwa umepinda pembeni kwa digrii 58. Kuhusu upasuaji wenyewe daktari alitueleza kwa utulivu: kwamba mpindo ukishazidi digrii 50 huweza kuendelea kuongezeka hata mtoto akiwa ameacha kurefuka, kwamba pingili hushikizwa kwa skrubu na vyuma viwili, na kwamba mfupa unaopandikizwa huchukua miezi mingi, pengine mwaka mzima, kuziunganisha pingili hizo ziwe kitu kimoja. Nilichokikosa ni mtu wa kuniambia siku ya nane itakuwaje, tukiwa nyumbani, choo chetu ni cha kuchuchumaa, na jirani amekuja kutupa pole akiwa na hamu ya kumkumbatia mgonjwa.

Naanza na jambo lililonitisha kuliko yote. Alipotolewa chumba cha upasuaji uso ulikuwa umevimba hata macho hayafunguki sawasawa, nami nikaamini kwamba limetokea baya. Muuguzi alinieleza kuwa alilazwa kifudifudi kwa saa nyingi na kwamba uvimbe ungeisha baada ya siku chache, na ndivyo ilivyokuwa. Mwenzangu unayesubiri tarehe, lijue hilo mapema ili usilie mbele ya mtoto kama nilivyolia mimi.

Siku iliyofuata mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja kumketisha ukingoni mwa kitanda. Nilimsihi amwache apumzike, lakini hakukubali, na jioni ya siku ya pili binti alikuwa amesimama kwa miguu yake. Nyumbani tulinunua kiti cha plastiki, tukakitoboa katikati na kukiweka juu ya tundu la choo, kwa sababu kuchuchumaa hakuwezi na kuinama amekatazwa. Kupata choo kwenyewe kulikuwa kugumu kwa siku tano mfululizo, kwa kuwa dawa kali za maumivu za jamii ya mofini hufunga tumbo. Papai na maji mengi vilisaidia kidogo, ila kilichomkomboa ni dawa ya kulainisha aliyoandikiwa na daktari, ambayo mimi nilichelewa kumpa nikidhani matunda yangetosha.

Kosa langu kubwa lilikuwa kumfanyia kila kitu. Nilimlisha, nilimpiga mswaki, nilimjibia maswali ya wageni, mpaka wiki ya tatu aliponiambia, "Mama, kilichopasuliwa ni mgongo, mikono yangu ni mizima." Tangu siku hiyo ninajifunza wapi nishike na wapi niachie, na sijahitimu bado. Ninaomba mlioipitia njia hii mseme: usiku mliumalizaje, shule ilirudi lini, na moyo wa mtoto mliutunzaje?

Baba wa Mombasa

Pole sana, mama, na hongera kwa binti. Mwanangu wa kiume alikuwa na miaka 16. Usiku ndio uliotushinda mwanzoni. Hospitalini wauguzi walimgeuza mwili mzima kwa pamoja kama gogo, mabega na nyonga vikienda sambamba, lakini nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na mama yake, na kitanda kilikuwa kifupi mno kwenda juu, kiasi kwamba kila akiamka alilazimika kujikunja. Tulikiinua kwa matofali. Kisha tukamfundisha, kama tulivyofundishwa sisi, kulala ubavu kwanza, kuteremsha miguu, na wakati huohuo kujisukuma kwa kiwiko na kiganja hadi akae. Mto mmoja tuliuweka katikati ya magoti, na mwingine nyuma yake ili asibingirike.

Kuhusu dawa, nakiri nilikosea. Niliogopa kwamba angezizoea, nikawa ninasubiri mpaka aseme anaumia. Maumivu yakishapanda hayashuki upesi, na usiku mmoja alitetemeka kwa uchungu hadi alfajiri. Daktari alinielekeza nimpe kwa saa zilizopangwa, kisha tupunguze hatua kwa hatua kwa maelekezo yake. Nilinunua daftari, nikaandika kila dozi na saa yake, na daftari hilo lilikuja kutufaa sana siku ya kliniki.

Mama wa Arusha

Kwetu mtihani ulikuwa shule. Binti alirudi darasani wiki ya sita, nusu siku kwanza, kwa sababu kukaa kwenye benchi lisilo na egemeo kulimchosha kuliko kutembea. Nilikwenda mwenyewe na barua ya daktari iliyotaja mambo matatu waziwazi: asiiname, asijipinde kiuno, asinyanyue kitu kizito. Kwa shule zetu maana yake ni hakuna ndoo, hakuna fagio, hakuna kupiga deki, na begi libebwe na mwenzake. Tuliazima seti ya pili ya vitabu ikae shuleni. Mwalimu wa darasa alimruhusu pia atoke dakika tano kabla ya kengele, asije akasukumwa mlangoni, na hilo lilinipa amani kubwa.

Jambo jingine ni maneno ya watu. Wengine walisema amerogwa, wengine kwamba nilimbeba vibaya mgongoni alipokuwa mchanga. Niliyabeba hayo kwa miaka, hadi daktari aliponiambia kwamba kwa vijana wengi wenye tatizo hili chanzo hakijulikani, na kwamba halitokani na mbeleko, begi wala namna ya kukaa. Alinishauri niwaangalie na wadogo zake, kwa kuwa huweza kujirudia ndani ya familia: mtoto anainama mbele akiwa amenyoosha magoti, nawe unatazama kutoka nyuma kama upande mmoja wa mbavu umeinuka kuliko mwingine.

Binti wa Unguja

Shikamooni wazazi wangu. Mimi nilipasuliwa India nikiwa na miaka 15, na sasa nina 23, kwa hiyo ninasema kwa upande wa mtoto. Wiki ya pili nililia kila siku bila kujua sababu. Hamu ya kula ilipotea, na kioo kilinionyesha mtu nisiyemfahamu. Mama hakuniambia nijikaze. Alikaa karibu nami akisuka ukili wake, akaniacha nilie. Sala niliswali juu ya kiti kwa miezi mingi, na baba alinieleza mapema kwamba dini imenipa ruhusa hiyo, ndipo nilipoacha kujiona mpungufu.

Ngozi iliyo kandokando ya kovu ilikuwa na ganzi, na sehemu ndogo inayo mpaka leo. Ninawaomba jambo moja kwa heshima: msimfunulie mgeni nguo ya mtoto ili aone kovu. Walinifanyia hivyo shangazi zangu kwa mapenzi, lakini kila mara nilihisi mgongo wangu ni mali ya ukumbi mzima.

Mama wa Morogoro

Mwanangu anapasuliwa mwezi ujao. Nimesoma yote kwa machozi. Nimwandae vipi, hasa nywele, na dalili gani zinirudishe hospitali?

Mama wa Dar es Salaam (mwanzisha mada)

Binti wa Unguja, marahaba, mwanangu. La kovu limeniingia, kwani nimelifanya mara mbili.

Mama wa Morogoro, msuke mistari inayolala, bila shanga wala vibanio vya chuma, na asisukwe fundo kisogoni kwa sababu atalala chali muda mrefu. Uliza mapema kama ndugu wanatakiwa kuchangia damu. Mkirudi nyumbani, homa, kidonda kutoa majimaji au usaha, miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo, hayo usiyasubirishe hadi kesho. Na sare mpya ya shule usiishone sasa: wangu aliongezeka sentimita 4 mezani pa upasuaji, na sketi niliyomshonea kwa fahari kabla ya kulazwa anaivaa mdogo wake.