Viti 20 vya Seneti: wanawake na walemavu tunapewa kiti, kura tunanyimwa!

Jamani, leo nitasema hata kama kuna watakaokasirika. Nimeifuatilia Seneti yetu ya Kenya tangu irudi 2013, na jambo hili limenikaa kooni miaka yote hiyo.

Agosti 2022 nilipewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, yaani mjumbe wa bunge la kaunti. Seneta wa kaunti yangu nilimchagua mwenyewe, na wa namna yake wako 47. Sasa wale 20 wa kuteuliwa niliwachagua kwa karatasi ipi? Hakuna! Kifungu cha 98 cha Katiba kimetenga viti 16 vya wanawake, viwili vya vijana na viwili vya watu wenye ulemavu. Majina yanatoka kwenye orodha ambazo vyama vinapeleka IEBC, tume ya uchaguzi. Na mgao wenyewe haufuati kura tulizopiga, unafuata idadi ya maseneta ambao chama kimeshinda katika kaunti. Yaani chama kinaweza kushindwa kaunti kumi kwa kura chache chache, kikakosa hata kiti kimoja kati ya hivyo 20. Kura za watu wote wale zimemwagika tu.

Mimi natembea kwa mikongojo. Kabla ya uchaguzi ule nilienda tawi la chama changu kuuliza jina langu lingeingiaje kwenye orodha. Nikaambiwa, "Orodha inatoka Nairobi, mama." Basi. Hakuna fomu, hakuna kikao cha wanachama, hakuna aliyenieleza vigezo. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira hadi machozi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kinachofuata baada ya mtu kuapishwa. Someni Kifungu cha 123. Jambo likihusu kaunti, kila ujumbe wa kaunti (yaani maseneta wake wote pamoja) una kura moja, na anayeipiga ni seneta aliyechaguliwa, ambaye ndiye mkuu wa ujumbe. Wa kuteuliwa anashauriwa. Atapiga kura hiyo endapo tu mkuu wa ujumbe hayupo na amemteua yeye. Na Seneti iliundwa kwa ajili ya kaunti! Mnakumbuka 2020, vuta nikuvute ya mfumo wa kugawia kaunti mapato ya taifa iliyokwenda wiki na wiki hadi Septemba, kaunti zikikosa pesa? Hapo ndipo zahanati na barabara zetu zilipokuwa zinaamuliwa, na kura zilikuwa 47 tu.

Tuhesabu pamoja. 2013 hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa seneta. 2017 walipita watatu. 2022, watatu tena. Ukijumlisha na 18 wa kuteuliwa (wale 16, kijana wa kike mmoja na mwenye ulemavu mmoja) unapata 21 kati ya 67. Hata theluthi moja haijafika, na 18 kati yao hawana kura yao wenyewe kwenye mambo ya kaunti. Halafu tunaambiwa tumewakilishwa!

Na kamba yao imeshikwa na chama. Mwaka huohuo wa 2020 maseneta watano wa kuteuliwa waliburutwa mbele ya kamati ya nidhamu ya Jubilee, chama tawala cha wakati huo, kwa kukosa mkutano wa Ikulu. Aliyechaguliwa akigombana na chama atakimbilia kwa wapiga kura wake. Wa kuteuliwa atakimbilia kwa nani?

Msinielewe vibaya, sitaki viti hivi vifutwe. Wanaosema vifutwe kupunguza gharama wanataka kututoa hata pale mlangoni tulipofika. Ninachotaka ni karatasi ya saba, ya orodha za vyama, viti vigawanywe kwa kura za nchi nzima, na anayekaa pale apige kura kama mwenzake.

Kama kuna mwanachama wa chama chochote aliyewahi kuitwa tawini kwao kupigia kura majina ya orodha hiyo, aje hapa aseme ilikuwa lini na ilifanyikaje. Nasubiri.