Meli ya Mreno chini ya Ngomeni: tuiopoe au tuiache?

Baharia wa Kibokoni: Santo António de Tanna ilizama mbele ya Fort Jesus, hapo Ngomeni Mombasa, mwaka 1698 Waomani walipoizingira ngome. Wapiga mbizi wakaichimbua 1977 hadi 1980, wakaandika vipimo, kisha mwili wa meli wakauacha huko huko chini! Waswidi waliopoa meli yao ya kale, Vasa, 1961, leo dunia nzima yaenda kuitazama. Sisi twangoja nini?

Binti Likoni: 1697. 1698 ni ngome ilipoanguka. Na twangoja hela, kaka. Vasa ilinyunyiziwa dawa miaka 17. Wewe stima ikipotea siku mbili, samaki washaoza frijini.

Baharia wa Kibokoni: Friji yangu imeingiaje hapa? Halafu hiyo "dawa" mwaitukuza bure. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi Lamu, alipaka sifa, mafuta ya papa, chombo kizima na hakikuoza.

Mchanga Mtupu: Babu tumpe heshima yake, lakini yeye alipaka mbao nzima. Ubao wa karne tatu majini umeshalika ndani, umesimama kwa sababu umejaa maji. Uanike uone: utajikunja na kupasuka. Ndiyo maana Waswidi waliingiza hiyo dawa, poliethilini glaikoli, ishike nafasi ya maji. Na bado mwaka 2000 wakakuta mbao zinatoa asidi, salfa ya bandarini imekutana na kutu ya misumari. Yetu imefunikwa na tope. Sehemu zilizokuwa wazi ziliisha zamani, wadudu wa bahari ya joto hawana mchezo.

Mwana wa Matondoni: Sifa chombo kizima?? Sifa hupakwa juu. Chini ya maji ni deheni, chokaa na shahamu. Huyo babu alikuwa fundi au abiria?

Baharia wa Kibokoni: Usimguse marehemu. Na nilisema Lamu, sikusema Matondoni.

Mwana wa Matondoni: Matondoni iko wapi, Malindi?

Mzee Kashkash: Meli yenyewe ya Mreno aliyetutesa, mwaililia ya nini?

Binti Likoni: Mzee, na Ngomeni je, nako tukubomoe? Tiketi mwakata kila Idi.

Mzee Kashkash: Mimi silipi. Mlangoni wanijua.

Baharia wa Kibokoni: Nimempigia mama. Asema deheni alipaka pia. Haya, umefurahi?

Mwana wa Matondoni: Shahamu ya nini, ng'ombe au mbuzi?