Mrejesho: modemu imekubali kupiga
Wakuu nimerudi. Nilisema modemu ya dayalapu (ile ya kuunganisha kompyuta kwa laini ya simu) kwenye laini ya ofisini inagoma, kila nikiandika ATDT (amri ya kupiga) na namba inajibu NO DIALTONE, yaani haisikii mlio wa laini, wakati ukiinua mkono wa simu mlio unausikia vizuri tu. Kumbe mlio wa swichibodi yetu ni wa kukatakata, modemu haiutambui! Nikaanza na AT&F kurudisha setingi za kiwandani, halafu ATX3 ili isisubiri mlio, ikajibu OK. Kabla ya namba nikaweka 9 ya kupata laini ya nje, na koma, ile koma inaipa sekunde 2 za kutulia, ikaanza kukwaruza weee mpaka CONNECT ikatokea, yaani imeunganika, nilifurahi sana aisee. Mwisho AT&W ihifadhi, bila hiyo ukizima inasahau yote. Asanteni mno, hasa aliyeniambia X3.