Age of Empires ya 1997: rangi zimevurugika na picha imetanuka kwenye laptopu mpya, naombeni ushauri

MjengaKuta:
Wakuu, habari za humu.

Nimehamia kwenye laptopu yenye Windows 11, skrini ya 1920 kwa 1080, 144 Hz (inachora upya mara 144 kwa sekunde), kadi mbili za picha. Gemu mpya zinakwenda bila kinyongo. Kinachonitesa ni Age of Empires ile ya kwanza kabisa. Imeingia, inafunguka, sauti ipo, lakini:

Menyu ziko sawa, ila nikianza mchezo rangi zinapagawa. Majani yana madoa ya zambarau, maji yana viraka vyekundu, wanakijiji wana nyuso za kijani. Maumbo hayana kasoro, ni rangi tu. Nikitoka kwa Alt na Tab kisha nikarudi, zinaharibika tena kwa namna nyingine.

Halafu picha nzima imevutwa kwa upana. Farasi wamenenepa, majengo yamechuchumaa.

Na kubwa kuliko yote, nikibofya kitufe kinaitika cha jirani yake. Mshale uko hapa, mbofyo unatua kule.

Draiva za kadi zote mbili ni mpya. Kwenye kichupo cha Compatibility, kinachoifanya Windows ijifanye toleo la zamani, nimepita Windows 98, nimepita XP, nimeweka na tiki ya rangi 256. Hiyo ya mwisho ndiyo imeniachia skrini nyeusi. Natanguliza shukrani.

Chuma_Chakavu:
Futa hiyo Windows 11, weka XP. Utakuja kunishukuru.

BiNukta:
Draiva za XP za laptopu ya mwaka huu atazitoa wapi? Tusimpoteze mwenzetu.

FundiWaUsiku:
Mkuu, hilo la rangi nalifahamu. Fungua Task Manager, ua explorer.exe (programu inayoonyesha eneokazi na folda), kisha anzisha gemu kutoka humo humo kwa "Run new task". Ukimaliza kucheza rudisha explorer kwa njia hiyo hiyo. Zamani nilikuwa na faili la bat linalofanya yote kwa mbofyo mmoja.

Nukta256:
Dawa ya FundiWaUsiku ni ya kweli, ila ni ya zama za Vista na Windows 7. Tuanze na ugonjwa wenyewe.

Gemu hii haihifadhi rangi kwenye kila nukta. Inahifadhi namba kati ya 0 na 255, na pembeni kuna jedwali linalosema namba hii ni kijani cha majani, ile ni ngozi ya mtu, ile nyingine ni maji. Enzi hizo kumbukumbu ilikuwa ghali, nukta moja ilipewa baiti moja basi. Programu nyingine ikiligusa jedwali hilo wakati unacheza, namba zinabaki zilezile lakini maana yake inageuka. Ndiyo maana mwanakijiji ana umbo lake kamili na uso wa kijani. Na ukitoka kwa Alt na Tab jedwali linaandikwa upya, ndipo unapata uharibifu wa aina mpya.

Kwenye Windows 7 mvurugaji alikuwa explorer.exe. Kulikuwa na kichekesho kwamba ukiacha wazi lile dirisha la kubadilisha ukubwa wa skrini, rangi zinapona zenyewe. Kuanzia Windows 8 mambo ni tofauti: eneokazi linatumia biti 32 tu, na modi za biti 8 (ndizo za rangi 256) na biti 16 zinaigizwa juu yake. Kuna gemu zinazokubaliana na uigizaji huo na kuna zinazogoma, kwa hiyo kwenye kichupo cha Compatibility unabahatisha.

Tafuta cnc-ddraw, ni ya bure. Gemu za 2D za miaka hiyo huchora kupitia DirectDraw, njia ya zamani ya Windows ya kuchora picha, na zinapohitaji faili lake, ddraw.dll, Windows huangalia kwanza folda ya gemu ndipo iende folda ya mfumo. Ukiweka pale ddraw.dll mbadala, gemu inaongea na hiyo, nayo inafanya kazi ya mkalimani kati ya gemu na kadi yako. Jedwali la rangi linabaki mikononi mwake, explorer haligusi.

Ondoa kwanza tiki ZOTE ulizoweka kwenye Compatibility, maana zinaweza kugombana nayo. Kisha fungua zipu, nakili vyote vilivyomo hadi pale ilipo exe ya gemu (faili linaloifungua), si folda ya juu yake. Endesha "cnc-ddraw config", chagua skrini nzima na uwashe kipengele cha kutunza uwiano wa picha. Hicho ndicho kitakachowakondesha farasi wako.

Ichukue kwenye ukurasa wa mradi wenyewe. Zile tovuti zinazogawa dll moja moja achana nazo, hujui umebebeshwa nini.

Dada Pikseli:
Kuhusu unene wa farasi: gemu inachora kwa uwiano wa 4:3 (640x480, 800x600, 1024x768) na skrini yako ni 16:9. Ikijazwa skrini yote, kila kitu kinaongezeka upana kwa theluthi moja. Kwa 1080 picha halali ni 1440x1080, na unabaki na pau nyeusi za nukta 240 kila upande. Wapo wasiozipenda. Mimi nazipenda kuliko farasi aliyevimba.

Hata bila cnc-ddraw, programu ya kadi ya picha, iwe ya Nvidia, AMD au Intel, ina sehemu ya kuamua picha ndogo ikuzwe vipi. Chagua kutunza uwiano. Kwenye laptopu ya kadi mbili mara nyingi skrini imeunganishwa na kadi ya ndani ya prosesa, kwa hiyo ukibadilisha upande wa Nvidia usione kitu, nenda kaitafute upande wa pili.

Chuma_Chakavu:
Hayo yote kwa ajili ya farasi 😂

MjengaKuta:
Nukta256, ubarikiwe. Majani ni majani, maji ni maji. Pau nyeusi zipo na wala hazinikeri. Alt na Tab haivurugi tena, na nimegundua Alt na Enter inanipeleka kwenye dirisha dogo, sikuitegemea hiyo.

Umebaki mbofyo. Umesogea karibu na mshale kuliko mwanzo, ila bado haulengi, hasa pembeni mwa skrini.

FundiWaUsiku:
Nenda kwenye mipangilio ya skrini uangalie ukuzaji wa maandishi. Ni asilimia ngapi?

MjengaKuta:
125. Ilikuja hivyo.

FundiWaUsiku:
Basi mchawi ni huyo. Programu isiyojua habari za ukuzaji inadanganywa na Windows. Kwa 125%, skrini yako ya 1920x1080 inaambiwa ni 1536x864, halafu Windows inaikuza picha kimyakimya. Gemu inapiga hesabu za mshale kwa vipimo vya uongo. Ndiyo maana kosa linaongezeka kadiri unavyoelekea pembeni.

Bofya exe kwa kitufe cha kulia, Properties, Compatibility, kisha "Change high DPI settings" (DPI ndiyo habari ya ukuzaji huo). Weka tiki kwenye ule mstari wa chini wa "Override" na chini yake uchague "Application". Hii haigusi rangi wala toleo la Windows, kwa hiyo haigombani na alichosema Nukta256. Hakikisha ni exe ya gemu yenyewe, si njia ya mkato ya kitu kingine.

Mlinzi wa Seva:
Samahani kwa kudandia uzi. Mimi yangu ni gemu ya GTA San Andreas ya 2005. Inagoma kabisa, inasema "Cannot find 800x600x32 video mode". Nayo niiwekee hiyo ddraw?

Nukta256:
Hapana mkuu, hiyo inatumia Direct3D 9, njia ya Windows ya kuchora picha za 3D, haimsikilizi mkalimani huyo. Kabla ya kupakua chochote jiulize gemu inaongea na kadi kwa njia gani. Ya 2D ya kati ya 1995 na 2000 hivi, anza na DirectDraw. Ukikuta glide2x.dll kwenye folda, inatumia Glide, njia ya kuchora ya kadi za 3dfx, na kadi hizo hazitengenezwi tena. Direct3D 8 ilitoka 2000, Direct3D 9 ikaja 2002. Kama ni ya DOS usihangaike na yote haya, nenda DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS.

Kwa Glide na Direct3D za zamani kuna dgVoodoo 2, ambayo inazitafsiri kwenda Direct3D 11 au 12. Gemu hizi ni za biti 32, kwa hiyo chukua dll za folda ya x86 hata kama Windows yako ni ya biti 64. Ina nembo inayojitokeza pembeni mwa skrini. Iache iwake mwanzoni ili ujue kama kweli inafanya kazi, baadaye uizime.

Lako ni jepesi kuliko hapo. Gemu inatafuta 800x600 kwenye orodha ya vipimo ambavyo skrini inasema inavimudu, na haikipati. Fungua programu ya kadi ya picha, ongeza kipimo hicho kwa mkono. Pia futa gta_sa.set iliyo ndani ya "GTA San Andreas User Files" kwenye Documents, inawezekana imebeba mipangilio ya skrini nyingine. Hapo hupotezi mchezo uliohifadhi, ni mipangilio tu.

BiNukta:
Ikikubali, usizime kile kidhibiti cha kasi ya picha kilicho kwenye menyu yake. Watu hukizima wakiona skrini ina 144 Hz. Hesabu za mwendo katika gemu ile zimefungwa kwenye idadi ya picha kwa sekunde, ukiziachia zikimbie hata kuogelea kunaharibika.

Na kwa wengine watakaopita hapa: gemu ya zamani ikilalamika kwamba kadi haina kumbukumbu ya kutosha wakati una GB 8, usiicheke. Baadhi zinahifadhi kiasi hicho kwa baiti kwenye namba ya biti 32 yenye alama (inayokubali chanya na hasi), mwisho wake ni 2,147,483,647. Ukizidi hapo inasoma hasi. dgVoodoo inakuruhusu kuidanganya kwamba kadi ina MB 256, nayo inatulia.

Mlinzi wa Seva:
Nimeongeza 800x600, imefunguka. Faili la set nalo nimelifuta. Kidhibiti sikigusi.

MjengaKuta:
Na mimi tiki ya DPI imemaliza. Mbofyo unatua panapotakiwa hadi kona ya mwisho.

Swali dogo tu: nikisukuma mshale ukingoni, ramani inapita kwa kasi kuliko ninavyoikumbuka. Ni 144 Hz hizi, au ni uzee wangu?

Nukta256:
Uzee hauna dawa humu, ila 144 Hz tunaziweza. Fungua ddraw.ini kwa Notepad, tafuta mstari wa maxgameticks, unaoweka kikomo cha kasi ya gemu, kumbuka namba uliyoikuta, andika 60, hifadhi, fungua gemu upya. Ikiwa nzito shuka taratibu au panda, usiruke hadi 30 kwa mpigo. Na ukikuta kila kitu kimeenda polepole, hadi wanakijiji, rudisha namba uliyoikuta kisha upunguze kasi ya kusogeza ramani kwenye mipangilio ya gemu yenyewe.