Maji ya majani yanazima papaini: kizuizi cha kweli au tanini tu?

Labo_Kadutu
Jambo wandugu. Hapa Bukavu tunapima kama majani fulani yana kizuizi cha proteazi za sisteini, yaani vimeng'enya vinavyokata protini kwa kutumia asidi amino ya sisteini. Papaini (kimeng'enya cha ukoo huo, kutoka papai) mikrogramu 50 kwa mililita, BAPNA (kemikali inayotoa rangi ya njano ikikatwa) milimola 1, bafa ya fosfati pH 6.5, nyuzi 37, tunasoma kwenye nanomita 410. Tukiongeza maji ya majani, rangi ya njano haitoki. Shida: hata bila majani, kipimo cha asubuhi na cha mchana havilingani.

Mkemia_Lshi
Hujataja DTT (kemikali inayorudisha sisteini iliyoharibiwa na hewa), na nadhani shida iko hapo. Sisteini ya 25 ya papaini ndiyo inayokata, na hewa inaiharibu. Amsha papaini kwanza: DTT milimola 2 pamoja na EDTA (inayonasa metali) milimola 2, dakika 15 kwenye nyuzi 37, ndipo uweke BAPNA. DTT itengenezwe siku ileile. Ile ya juzi kwenye frigo, na umeme wetu huu, uimwage.

BAPNA nayo iyeyushwe katika DMSO (kiyeyushi) kisha imiminwe kwenye bafa yenye joto. Bafa ikiwa baridi inatoa chembe, na mashine inasoma ule ukungu kama rangi.

Majani sasa. Pima chupa yenye majani bila papaini, uondoe rangi yao. Kisha tikisa maji ya majani na PVPP (unga unaonasa tanini), miligramu 50 kwa mililita, zungusha kwenye sentrifuji, pima juu yake. Nguvu ikipotea, ilikuwa tanini inayogandisha protini yoyote. Rudia pia kwa tripsini (proteazi isiyotumia sisteini kukata), pH 8, BAPNA ileile: ikizimika sawasawa na papaini, usishangilie.

Famasia_Ibanda
Na ikipita yote hayo, bado papaini si ugonjwa. Plasmodiamu (kimelea cha malaria) inameng'enya hemoglobini kwa proteazi zake, falsipaini 2 na 3, ndugu wa papaini kweli, lakini binadamu naye ana katepsini B, L na K za ukoo uleule. Dawa ya odanakatibu ililenga katepsini K kwa mifupa dhaifu; ikaachwa 2016 kwa sababu ya kiharusi. Pimeni katepsini L sambamba, mapema.

Nirmatrelviri, dawa ya COVID-19, ilifanikiwa kwa kuwa proteazi kuu ya virusi vya korona inakata baada ya glutamini, tabia isiyojulikana kwa proteazi zetu. Dawa inashika sisteini ya 145 ya proteazi hiyo. Miligramu 300 na ritonaviri 100, mara mbili kwa siku, siku 5. Mgonjwa wa kifua kikuu anayemeza rifampisini asipewe: rifampisini inaharakisha ini kuivunja.

Labo_Kadutu
Asante sana. E-64 (kizuizi kinachojulikana cha proteazi za sisteini) ya kulinganisha hatuna. Ute wa yai utafaa?

Mkemia_Lshi
Una sistatini, kizuizi cha proteazi za sisteini, ndiyo, lakini pia ovomukoidi, inayozima tripsini, kwa hiyo utaharibu kipimo chako cha pili. Tumia iodoasetamidi (kemikali inayofunga sisteini) milimola 10. Isipungue: DTT milimola 2 peke yake inakula milimola 4 kabla papaini haijaguswa. Funika chupa, mwanga unaiharibu, na vaa glavu.