Shahada ya uzamili ya uongozi kwa wakufunzi wa vyuo vya ualimu

Mkufunzi wa Fizikia:
Ndugu zangu, nimeteuliwa kuwa makamu mkuu wa chuo ilhali nimesomea kufundisha tu. Asubuhi ya kwanza nilikuta mezani bajeti, ratiba ya mazoezi ya kufundisha na malalamiko ya wanachuo kuhusu maharage. Masomo ya uzamili yanifundishe nini hasa?

Mhadhiri:
Hongera, ndugu. ADEM, yaani Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ya Bagamoyo huwaandaa zaidi viongozi wa shule, lakini mkufunzi anaongoza watu wazima ambao kesho watakuwa walimu. Ningependa programu imkabidhi hesabu za chuo halisi na kikao chenye mgogoro, akiwa na mlezi mzoefu pembeni, kisha nadharia ifuate.

Mkuu wa chuo mstaafu:
Naafiki, ila tasnifu isipuuzwe. Yangu ilichunguza kwa nini wanachuo walirudi kutoka mazoezini na maandalio ya somo yasiyosahihishwa, nikabaini kwamba walimu wenyeji wa shule walikofanyia mazoezi hawakuwahi kuelezwa wajibu wao.

Mkufunzi wa Fizikia:
Shikamoo, Mwalimu. Naweza kusoma nikiwa kazini?

Mkuu wa chuo mstaafu:
Marahaba. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania hufundisha kwa masafa. Omba kwanza ruhusa ya mwajiri kwa maandishi.