Sauti kwenye Linux ni mali ya aliyekalia kiti peke yake? Nimechoka, wandugu!

Leo sisalimii mtu. Wiki ya tatu hii napigana na kompyuta moja, na washauri wa mtandaoni wamenichosha kuliko kompyuta yenyewe.

Hapa kwetu Katuba, Lubumbashi, tuna kompyuta moja ya zamani kwenye lupango (uwanja wa nyumba yetu), inatumia Debian 12, aina moja ya Linux. Imeungwa kwenye ampli na bafle (spika) mbili kubwa alizoziacha marehemu baba, alizokuwa akikodisha kwenye sherehe. Tunaitumia watu wanne: mimi, mke wangu, mdogo wangu anayesafisha rekodi za kwaya, na yaya wetu, yaani mkubwa wetu wa kuzaliwa, aliye mji mwingine, Likasi, anayeingia kwa SSH: njia ya kuitumia mashine kutoka mbali kwa kuandika amri. Tulitaka kitu kidogo tu. Yeyote kati yetu, awe mbele ya skrini au chumbani na laptopu yake, apige wimbo utoke kwenye bafle zilezile.

Mnajua kinachotokea? Naingia, naweka rumba, safi kabisa. Mke wangu akibadilisha aingie kwa jina lake, wimbo wangu unakatika katikati ya gitaa, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mdogo wangu akijaribu kutoka chumbani, naye kwa SSH, anaambiwa kadi ya sauti haipo. Haipo! Na mimi naiona kwa macho, nimeichomeka mwenyewe.

Sababu nimeitafuta kwa jasho langu. Kuna kitu kinaitwa systemd-logind, ndicho kinachogawa ruhusa ya vifaa vya sauti, vilivyo kwenye /dev/snd, na kinampa yule tu aliye mbele ya skrini saa hiyo. Mwingine akikalia kiti, ruhusa inamfuata. Anayekuja kwa SSH hana kiti, kwa hiyo hana sauti. Juu ya hapo, programu inayopeleka sauti kwenye kadi, PulseAudio zamani na PipeWire sasa, kila mtumiaji anawashiwa yake, na ya huyu haijuani na ya yule. Hata nia yao naielewa: hutaki mtu wa mbali akuwashie maikrofoni akusikilize umelala. Sawa. Basi semeni hivyo! Msiniambie kadi haipo.

Nikauliza mtandaoni. Jibu la kwanza, la pili, la tano: "Watie wote kwenye kundi la audio, kwisha." Kundi hilo linampa mtu ruhusa ya kadi ya sauti hata kama hana kiti. Nikawatia. Sasa sikieni.

Saa saba usiku yaya anaingia kutoka Likasi, anataka kusikiliza rekodi ya kwaya. Anaandika mpv, programu ya kupiga muziki, na jina la faili. Anaona sekunde zinakimbia, sauti hasikii. Anafungua alsamixer, ya kurekebisha sauti, anapandisha. Kimya. Anapandisha mpaka juu kabisa. Atasikiaje na yeye yuko Likasi? SSH inamletea maandishi, sauti inabaki kwenye mashine. Huku Katuba aleluya ya watu arobaini ikalipuka kwenye bafle za harusi. Nkambo, bibi yetu mzee, akaketi kitandani, akaitika "Amina" mara mbili, ndipo akauliza nani amekufa. Mimi nilipapasa gizani, nikagonga goti kwenye bidoni (dumu) ya maji, nikang'oa waya wa ampli. Goti bado linauma hadi leo.

Na hilo kundi la audio lenyewe halishirikishi mtu chochote! Anayewahi ndiye anaishika kadi, wa pili anaambiwa ina shughuli.

Nikaita fundi, nikamlipa. Akafungua mlango wa mtandao namba 4713, ambao PulseAudio na PipeWire hupokelea sauti, kwa kila aliye kwenye wifi, bila kuuliza neno la siri. Wifi hiyo tunachangia na jirani. Siku ya kilio cha shangazi, tumekaa kwenye mikeka, ndombolo ikatoka chumbani. Sitaki kusimulia zaidi.

Mwingine akashauri tumtumie yaya sauti yenyewe kwa mlango huohuo. Hakusema kwamba inasafiri mbichi, bila kubanwa: sampuli 44,100 kwa sekunde, chaneli mbili, baiti mbili kila moja. Hiyo ni baiti 176,400 kila sekunde, karibu mega 635 kwa saa. Mega za wiki zilikwisha kabla kwaya haijafika wimbo wa mwisho. Faili ya mp3 angeipakua kwa mega chache tu!

Mpaka sasa njia iliyokubali ni hii. Nimeunda mtumiaji asiye mtu, jina lake muziki. Yeye peke yake yuko kwenye kundi la audio, na nimemwashia linger, mpangilio wa kuacha programu zake zikiendelea, ili PipeWire yake iishi hata kama hakuna aliyeingia. PipeWire za wengine wote nimezifunga, la sivyo zinamnyang'anya kadi. Sisi tunamwelekea yeye kwa PULSE_SERVER, mpangilio unaoiambia programu ipeleke sauti wapi, kwenye 127.0.0.1 tu, yaani ndani ya mashine hiyohiyo, jirani asipate pa kupita. Siku tano nzima kwa mistari sita.

Lakini sasa hakuna anayekataliwa! Mke wangu akiweka nyimbo zake na mdogo wangu akapiga kwaya, vyote viwili vinatoka pamoja, sokoni kabisa. Anayejua namna ya kufanya wa pili amngoje wa kwanza amalize, aniandikie hapa chini. Na atakayeniandikia tena "kundi la audio" nitampa namba ya nkambo, wazungumze wenyewe.